Kwa Nini Jua Ana Povu Mdomoni

Zamani, kabla hajazoea kukaa juu, Jua alikuwa akitembea kwa miguu kama mtu mwingine yeyote. Miezi ya baridi alipita mbali, nyuma ya milima ya watu wengine, na sisi wa kijiji cha Shengelo tulimwona kwa kumchungulia tu. Lakini kiangazi kilipofika alipanda mlima wetu, akabisha hodi, akakaa nyumba kwa nyumba, akila na kulala kama mgeni. Hayo nawaambia nyinyi wajukuu zangu mliokuja likizo na ndoo ya aiskrimu kutoka Moshi, mnaochota madonge na kuyatumbukiza kwenye tangawizi yangu, halafu mnanitazama kana kwamba mmegundua jambo. Elinami, acha kucheka, bibi yako anasema. Jambo hilo lina wenyewe, na wenyewe ni sisi.

Huko tambarare walikuwa wameshamfukuza. Walimpigia kelele, wakamtupia mawe, wakamwambia hatukutaki. Basi mpaka leo akipita kule hamsalimii mtu, anachoma nyasi na kwenda zake. Sisi hatukumfukuza, na mimi hilo najivunia hata kama sikuwapo. Mlimani kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini. Anapewa kigoda, anapewa maji ya kunawa, na anapewa chakula cha moto. Hapo kwenye moto ndipo mzizi wa habari yote ulipo, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Kumwekea mgeni kitu kilichopoa kulikuwa ni tusi. Ukimpa kiporo, umemwambia achukue mzigo wake aende, na watu watakusema mpaka kaburini.

Sasa oneni tulivyojiponza kwa heshima zetu. Mgeni mwenyewe ni Jua, na kila nyumba ilimpa uji unaochemka, magimbi yaliyotolewa majivuni sasa hivi, mchuzi unaotokota. Alikula moto juu ya moto. Kwa kuwa alishiba vizuri, hakuona sababu ya kuondoka, na kwa kuwa alikula moto, alizidi kuwaka. Mwaka ninaousimulia alikaa kuliko miaka yote. Migomba ilikunja majani, mbuzi walilala na ndimi nje, chemchemi ikabaki uzi wa maji. Nyumba aliyolala, wenyeji walilala uani. Hata hivyo hakuna aliyefungua mdomo. Walimkaribisha tena huku midomo imewapasuka, na wakamwongezea mchuzi.

Katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke mmoja mjane, jina lake Nakijwa. Alikuwa mkali, mfupi, na mbishi, na mkiona mtu mbishi katika ukoo huu msiulize ametoa wapi. Wenzake walilima magimbi na ndizi, vitu vya kujaza tumbo. Yeye alilima tangawizi, shamba zima la tangawizi, wakati watu wengine waliipanda kidogo tu nyuma ya jiko kwa ajili ya kikohozi. Walimtania kwamba analima adhabu. Nakijwa aliwajibu kwamba siku wakikohoa wasije kwake, nao wakikohoa walikuja, na yeye aliwapa.

Kiangazi hicho binti yake, Nanzia, alikuwa amejifungua. Mtoto alikuwa mdogo hata ngozi yake bado imekunjamana, na siku zile mzazi hakuvushwa kizingiti kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Nanzia alikuwa chumba cha ndani na mwanawe, wamefungiwa, na joto la mlima mzima limewabana humo. Mtoto alinyonya kidogo kuliko jana yake. Ndipo habari ikaletwa kwamba mgeni amemaliza kukaa kwa jirani, na kesho zamu ni ya Nakijwa.

Nakijwa alikwenda kwa Mzee Mbonea, aliyekuwa mshika mila wa kijiji, akamwomba zamu yake irukwe.

“Haiwezekani, mwanangu,” Mzee Mbonea alisema. “Nyumba ikimnyima mgeni mlango, hakuna atakayeichangia moto wala maji. Hata mimi sitaweza kukutetea.”

“Akikaa jikoni kwangu, baba, mjukuu wangu hatafika jioni.”

Mzee Mbonea aliinamisha kichwa, akakwaruza ardhi kwa fimbo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui jinsi ya kuokoa mtoto na kuokoa heshima kwa wakati mmoja, na akachagua kile alichokuwa amekabidhiwa. Nakijwa aliondoka bila kuaga, kifua kimemjaa hasira na hofu, akaenda pangoni kuteka maji ya kumpangusia mtoto.

Pango lile mnalijua, ni lile ambamo chemchemi inatokea, ukitia mkono maji yanakuuma mpaka mfupani. Wanawake walihifadhi humo maziwa yasiharibike. Nakijwa pia alikuwa na chungu chake humo. Alikuwa ametwanga tangawizi, akaichemsha na maji ya miwa, ampe mzazi kama tunavyofanya mpaka leo. Lakini joto lilipozidi Nanzia alishindwa kunywa kitu cha moto, basi mama akakiweka chungu pangoni, na kwa mahangaiko akakisahau. Sasa alipofunua kifuniko alikuta kinywaji kimeumuka. Vipovu vilipanda toka chini, vikapasuka juu kwa sauti ndogo, chungu kizima kinanong’ona. Alichota kwa kata, akanywa. Kilikuwa baridi ya kuuma meno. Alipomeza tu, moto ukamshika kooni, ukashuka tumboni, ukampandia masikioni. Nakijwa aliketi juu ya jiwe akacheka peke yake, mle mle pangoni, akiwa bado na machozi ya hasira.

Alirudi moja kwa moja kwa Mzee Mbonea na kata mkononi. Hakumweleza kitu. Alimwambia tu, “Kunywa, baba, halafu uniambie hiki ni cha moto au kimepoa.” Mzee Mbonea alishika kata, akahisi ubaridi wake, akakunja uso. Akanywa. Alikohoa, macho yakamtoka, akajipigapiga kifuani, akatafuta pa kukaa. Alipopata pumzi alifuta machozi na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi, “Ni cha moto.” Na kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza kwamba yuko tayari kulisema hilo mbele ya watu wote.

Kesho yake Jua alikuja. Alikuwa mgeni mwenye adabu, hilo tusimnyime. Alibisha hodi, akainama mlangoni asichome paa, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Lakini adabu haipunguzi joto. Udongo wa kuta ulianza kupasuka, na wanakijiji waliokuja kushuhudia walisimama mbali, nyuma ya ua, mikono imeziba nyuso. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Jua usoni. Chumba cha ndani mtoto alilia, akalia, kisha akanyamaza. Nakijwa aliusikia ule ukimya. Alichota kinywaji alichokileta alfajiri kutoka pangoni, akajaza kibuyu, akakiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

Jua alikigusa. “Mama,” alisema taratibu, “hiki kimepoa. Unanifukuza?”

Nyuma ya ua watu walishika vichwa. Nakijwa alisimama palepale.

“Onja kwanza, mgeni wetu. Moto wake uko ndani.”

Na Mzee Mbonea akapaza sauti kutoka uani kwamba ni kweli, yeye mwenyewe amekinywa na amekiona.

Jua alikinywa kwa pupa, maana tangu kuumbwa hajawahi kupewa kitu cha baridi. Uso ulimtulia. Halafu ule moto mwingine ukamkamata, moto usio wake, unaotoka ardhini, naye hakuujua. Alikohoa. Cheche ziliruka mpaka darini, paa likaanza kufuka moshi, watu wakapiga kelele. Nakijwa alidhani amemuua mjukuu wake kwa ubishi wake.

Ndipo mkono ukatokea kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mzazi hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, naye hakuvuka, alitoa mkono tu. Mkononi kulikuwa na bakuli la utandu wa maziwa, donge zima lililogandishwa pangoni, alilokuwa amewekewa yeye ale apate nguvu ya kunyonyesha.

“Mama, mpe na hiki,” Nanzia alisema. “Harakisha, mtoto halii tena.”

Nakijwa alilitumbukiza lile donge kibuyuni na kumimina tangawizi juu yake. Povu lilipanda, likavimba, likafurika mdomo wa kibuyu, na donge likaelea juu jeupe. “Sasa kunywa polepole,” alimwambia Jua, kwa sauti ile anayotumia mama kwa mtoto mkubwa mwenye papara. Jua akanywa polepole. Maziwa yalimlainisha koo, ubaridi ukamwingia, na ule moto wa tangawizi ukamkaa tumboni kwa raha. Alipotua kibuyu, povu lilikuwa limemganda juu ya mdomo, likapanda puani, likamfunika nusu ya uso.

Kwa mara ya kwanza watu waliweza kumtazama. Walishusha mikono mmoja mmoja. Waliona mgeni mnene mwenye masharubu meupe ya povu, ameduwaa, anajilamba. Aliyecheka kwanza ni Mzee Mbonea, huyo huyo mshika mila, alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Jua alijipapasa mdomoni, akaona wanachokicheka, naye akacheka. Kivuli cha lile povu kilianguka ndani ya nyumba. Kuta zikapoa, moshi wa paa ukakatika, na chumba cha ndani mtoto akalia tena, kilio cha njaa, kikali, cha ubishi.

“Ni nani huyo?” Jua aliuliza.

“Ni mjukuu wangu,” Nakijwa alimjibu. “Joto lako lilikuwa linamuua.”

Jua aligeuka kutazama mlango wa chumba cha ndani. “Mbona hamkuniambia? Nyumba zote nilizokaa, mbona hakuna aliyeniambia?”

“Wewe ni mgeni,” alisema Nakijwa.

Jua aliinuka. Alitaka kujua kama amefukuzwa, na Nakijwa akamwambia hapana, akitaka kingine atamiminiwa. Alikunywa kingine chote. Hakufuta mdomo. Aliaga kila mtu kwa jina la ukoo wake, akapanda hadi kileleni, na kutoka kileleni akapanda juu zaidi, mahali ambapo angeweza kutuona wote bila kuunguza kuta za mtu. Alichoomba ni kimoja: kila kiangazi awekewe kikombe chake, na yeye kwa upande wake hatafuta povu mpaka wachanga wa Shengelo wapoe.

Na tangu siku hiyo, kiangazi kikikolea, alasiri mtaona wingu jeupe limekaa juu ya kilele chetu, chini kidogo tu ya Jua, wakati mbingu ya tambarare ni tupu kabisa. Hilo ndilo povu. Na tangu siku hiyo sisi tunakunywa tangawizi ya baridi yenye donge la utandu juu, kikombe cha kwanza kinawekwa nje juu ya jiwe, na hakuna anayefuta mdomo kabla kikombe chake hakijaisha, awe mtoto, awe mchungaji wa kanisa. Wageni hutucheka. Wakishaonja wanaomba kingine. Tangawizi nayo imejaa miteremko yote mnayoiona, na sijasikia tena mtu akiiita adhabu. Mtoto yule wa Nanzia alikua, akaoa, akazaa, na katika hao aliowazaa ndimo mlimotoka nyinyi wote mliokaa kwenye mikeka yangu hapa.

Kwa hiyo msiniletee majigambo ya Moshi. Aiskrimu yenu ni tamu, sikatai, nimekula vikombe viwili na povu langu bado liko hapa mdomoni. Lakini mmeanza kunywa bila kutoa cha nje. Dada yenu Navoneiwa yuko chumba cha ndani na kichanga chake, hata jina hajapewa, na joto ni hili mnalolisikia. Nimetazama kilele tangu mchana, hakuna kitu. Elinami, wewe uliyekuwa unacheka, inuka. Chukua kikombe kikubwa, tia tangawizi, tia donge lako la Moshi, usifanye choyo. Kaweke pale kwenye jiwe. Mwambie mgeni wetu kwamba kuna mtoto ndani, maana safari hii tunamwambia.