Jinsi Jina Angharad Lilivyopatikana

Hapo kale, milima ya Welisi ilipokuwa na kondoo wengi kuliko watu, palikuwa na bonde ambalo watoto wake hawakuwa na majina. Watu wa huko waliamini kuwa Mauti huwachukua watoto kwa kuwaita, na asiye na jina haitiki. Kwa hiyo mtoto hakupewa jina mpaka atimize miaka saba.

Nest, mke wa mchungaji Ithel, aliishika mila hiyo kuliko wote, kwa maana alikwisha kuzika watoto wawili. Wa tatu, binti wa miaka minne, alimwita "mtoto" tu, na akamwonya: "Ukiwa peke yako, ukasikia 'mtoto, mtoto', usiitike, hata ikiwa ni sauti yangu. Mauti anajua kuigiza."

Asubuhi moja binti huyo alimfuata mwanakondoo mlimani, na mara ukungu ukashuka mzito. Huko juu kulikuwa na kinamasi kilichowahi kumeza ng'ombe mzima. Majirani walitawanyika wakiita, "Mtoto! Mtoto wee!" Kimya. Nest naye aliita hata koo likamkauka. Ndipo alipokumbuka onyo lake mwenyewe.

"Mpe jina, mke wangu, umwite," alisema Ithel.

"Na Mauti akisikia?"

"Na mtoto asiposikia?"

Nest hakuwa na jina lolote aliloliandaa. Hakuwahi kuthubutu hata kulifikiria. Akafumba macho, akapaza sauti, likamtoka lile lililojaa moyoni, kwa lugha ya kwao: "Angharad!" Maana yake, apendwaye mno. "Angharad wangu!"

"Abee, mama!"

Sauti ilitoka hatua chache tu mbele yao. Walimkuta ameketi juu ya jiwe, ukingoni kabisa mwa kinamasi, kampakata mwanakondoo. Nest alimkumbatia huku akilia, akicheka na kumgombeza, yote kwa pamoja.

"Mbona safari hii umeitika?" alimuuliza.

"Mauti hawezi kunipenda mno," binti akajibu. "Nikajua ni wewe."

Na tangu siku hiyo, watu wa bonde lile huwapa watoto wao majina siku ileile wanapozaliwa, tena huyatamka kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi. Na mpaka leo, mzazi wa Welisi akimpata binti aliyemngoja kwa hofu, humwita Angharad, kisha hushusha pumzi.