Hodi Tatu kwa Mwezi

Mniwie radhi mapema, maana hekaya hii nitaisimulia ovyo. Aliyenipa mimi aliisema kwa mikono, kwa mabega na kwa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa kubwa. Mimi nimebaki na maneno matupu. Mkiona mahali pamepinda, panyosheni. Mkiona pamelala, paamsheni, nami nikilala niacheni.

Hapo zamani, katika mji wa Mtapwani, alikuwako mtawala aitwaye Sultani Ngwali, mtu mwema asiye na ugonjwa ila mmoja: kila kitu kipya alikipenda kabla hajakijua. Na katika mji uo huo aliishi fukara mmoja, jina lake Vuai, mziba masufuria. Mali yake yote ilikuwa nyundo, kipande cha risasi ya kuzibia matundu, na ulimi. Nyundo na risasi zilimlisha. Ulimi ndio uliomponza.

Basi siku moja akaingia mjini mgeni kutoka ng'ambo, Fundi Karimbeki, amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kipajini, na nyuma yake hamali sita wamebeba sanduku. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na magurudumu ya shaba. Ukiliuliza neno, ukazungusha mkono wake, lilinung'unika, likakohoa, kisha likatema kibao chenye jibu.

Sultani akaliuliza, "Je, mvua itanyesha?"

Sanduku likakohoa, likatema kibao: HUENDA.

"Allah!" akapiga makofi Sultani. "Limejuaje?"

Tangu hapo ikawa hali, halali, wala hakati kucha mpaka ameliuliza. Mpishi akileta wali aliambiwa, "Ngoja kwanza, tujue kama nina njaa." Na wali ukapoa, na sanduku likasema HUENDA, na Sultani akashukuru kwa kupata elimu.

Fundi Karimbeki alipoona mambo ni mazuri akaongeza la pili: atamtengenezea Sultani chombo cha kwenda mwezini. Kwa kuwa chombo chataka shaba, na shaba ya mji yote ilikuwa jikoni mwa watu, askari wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya masufuria. Likaundwa pipa kubwa lililochongoka juu, viungo vyake vikazibwa na vibarua wa papo hapo mjini, na chini yake yakapangwa magunia ya baruti. Watu wakarudi kupikia vyungu vya udongo, na Vuai akakaa na nyundo yake mapajani, hana sufuria ya kuziba.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kibarazani kwa Mcha kinyozi. Mcha alikuwa akimnyoa mtu aliyejaa povu mpaka machoni, na mazungumzo, kama ilivyokuwa kila siku, yalikuwa ni ya pipa.

"Mimi nasema mvua imekata tangu walipoanza kulichongoa," akanena Mcha. "Mbingu zimeona zataka kuchomwa, zimejikunja."

"Na wakifika watakula nini?" akauliza muuza kahawa. "Mwezi wenyewe kila mara wakonda mpaka watoweka. Yaonekana huko nako hakuna chakula."

"Hilo dogo," akasema Vuai. "Maulana wetu ataka kujua mwezini mna nini, na hajui sokoni kwake mna nini. Mfereji wa soko umeziba tangu mwaka jana. Huko si mbali, jamani, hata baruti haihitajiki!"

Kibaraza kizima kikacheka. Yule mwenye povu naye akacheka, kisha akajifuta uso, na lo! alikuwa Waziri Pandu. Akaondoka na ndevu upande mmoja, moja kwa moja hadi kwa bwana wake.

Adhuhuri haijaingia, Vuai amekwisha kusimamishwa mbele ya kiti cha enzi.

"Ewe Vuai," akanena Sultani, "umesema mfereji uko karibu kuliko mwezi?"

"Nimesema, Maulana. Nimeupima kwa miguu yangu, na viatu vyangu vyanuka ushahidi."

"Vyema. Tulikuwa tukitafuta mtu wa kumtuma, nawe umejitokeza. Ijumaa baada ya alasiri utapanda chombo, utafika mwezini, utaingia ndani, uniletee habari za kule. Ukikataa, shingo yako ni halali yangu." Kisha akaligeukia sanduku. "Je, huyu atafika?"

HUENDA.

"Umesikia?" akasema Fundi Karimbeki kwa fahari. "Hesabu imekubali."

Vuai akarudi kwake. Mkewe, Bi Mize, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na alipopata habari akakuna nusura akune na kidole.

"Mume wangu, ulimi wako ungekuwa sufuria ningekwisha kuuziba mimi! Sasa nitaitwa mjane wa nani? Wa mtu aliyepasuka hewani? Hata kaburi la kwenda kulia sina, nitalilia mawingu?"

Kabla Vuai hajajibu, sauti ikaita mlangoni, "Hodi!" Bi Mize akanyamaza, hakuwa na moyo wa wageni. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Wakasikia ndara zikijiburura kurudi zilikotoka, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi na harufu ya nazi ilifika nje.

Ndiyo desturi ya Mtapwani: mtu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa "karibu" hurudi, hata kama awaona wenyeji kwa macho. Na Sultani Ngwali alikuwa ameigeuza desturi hiyo kuwa sheria kali, tangu siku tarishi wa Waziri alipomwingilia ghafula akamkuta amekaa katika beseni la maji, ndevu zimefungwa majani ya mgomba zikikolea hina. Vuai akautazama mlango. Kisha akaanza kutabasamu.

"Wacheka nini, we mwendawazimu?" akauliza Bi Mize.

"Nifulie kanzu yangu," akasema Vuai. "Naenda ugenini."

Ijumaa ikafika. Baada ya alasiri mji wote ulikuwa uwanjani, na mwezi wa siku ya nane umekwisha kuchomoza, mweupe juu ya paa kama kipande cha nazi. Vuai akapanda ngazi, kanzu safi, kofia imenyooka. Askari akashika mwenge karibu na baruti. Bi Mize akafumba macho.

Vuai akasimama mlangoni mwa pipa, akauelekea mwezi, akakohoa kwa adabu, akaita kwa sauti kuu:

"Hodiii!"

Akangoja kama angojavyo mtu muungwana.

"Hodiii, wenyewe!"

Mbwa mmoja akabweka, akanyamazishwa.

"Hodi ya tatu hiyo!"

Akatega sikio. Kisha akashika kanzu yake, akashuka ngazi polepole, akaanza kwenda zake nyumbani.

"Ewe Vuai!" akanguruma Sultani. "Waenda wapi?"

"Kwangu, Maulana. Mwenyewe hakuitikia."

"Mwezi hauna mdomo, mpumbavu wewe!"

"Basi hautakaribisha mtu mpaka kiama, nami nitakuwa nimesimama mlangoni nawaudhi wenyeji."

"Hakuna mtu kule!"

"Ah! Nyumba isiyo na mwenyewe! Maulana wanituma niingie kama mwizi?"

Watu wakaanza kuguna. Sultani akamwita Kadhi. "Msomee sheria huyu!"

Kadhi akakunjua karatasi, akasoma, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inapungua: "Yeyote atakayeingia kwa mtu, katika nchi hii au nchi yoyote iliyo chini ya mbingu, bila kuitikiwa karibu, atachapwa bakora arubaini. Na aliyemtuma... na aliyemtuma, hata awe nani... atachapwa themanini."

"Nani aliandika 'hata awe nani'?" akauliza Sultani.

"Ni mkono wako, Maulana," akasema Waziri Pandu upesi, na usoni akang'aa. "Mimi nazikumbuka vyema zile themanini. Nililala kifudifudi mwezi mzima."

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, mimi ni mtumwa wa amri. Nikirudi hai nitazivumilia arubaini zangu. Ila naihofia ngozi tukufu. Tuliulize sanduku: bakora themanini zikishuka mgongoni mwa Maulana, ngozi itabaki?"

Fundi Karimbeki akasita, lakini macho ya mji yalikuwa juu yake. Akazungusha mkono. Sanduku likanung'unika, likakohoa, likatema kibao.

HUENDA.

Sultani akakitazama kibao hicho. Akakigeuza nyuma. Akakigeuza tena mbele. "Huenda?" akasema kwa sauti ndogo. "Huenda, namna gani? Hiyo ni ngozi yangu!" Kisha bega moja likamtikisika, na la pili, na ghafula akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Vuai, mwana wa haramu wee! Siku zote hizi nimekula wali wa baridi kwa sababu ya neno hili? Omba utakalo."

"Masufuria ya watu, Maulana. Na mfereji."

Ikawa hivyo. Baruti ikaondolewa, na watu wakalivamia pipa kutoa shaba yao. Mtu wa kwanza akaligonga kwa ngumi tu, na pipa zima likafunguka viungo vyote, likatawanyika uwanjani kama ganda la chungwa.

"Laana!" wakapiga kelele. "Hili lingempasukia hata kabla ya kufika juu ya mnazi! Huyu Karimbeki si fundi, ni muuaji! Tazameni vizibo hivi!"

Kila mtu alitukana, isipokuwa mmoja. Bi Mize akamtazama mumewe, aliyekuwa akichunguza vidole vya miguu yake kwa makini sana.

"Mume wangu," akauliza, "mbona wewe humtukani?"

"Sema polepole, mke wangu," akanong'ona Vuai. "Sikuwa na sufuria ya kuziba, nikashika kibarua. Unadhani nilipiga hodi kwa sauti vile kwa nini? Vile vizibo ni vyangu."