Nyegere Arusha Droni Mkekani kwa Wakwe

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, tupe!

Ijumaa moja, saa nne na robo asubuhi, droni mpya ya Nyegere ilianguka kwenye mkeka wa wakwe. Ilikuwa na siku mbili tu tangu itolewe kwenye boksi. Tulieni sasa, msikie ilifikaje hapo.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana droni zilikuwa zimeshaingia porini, palikuwa na Nyegere. Mnamjua. Mgongo mweupe, tumbo jeusi, na ngozi nene ambayo nyuki huidunga akachoka. Kazi yake ilikuwa kurina asali, na mwenzake kazini alikuwa Mlembe, ndege mdogo wa kijivu. Mlembe huruka mbele akiita, "Che-che-che! Che-che-che!" Nyegere hufuata nyuma, tii, tii, tii, mpaka kwenye mzinga. Nyegere hula asali. Mlembe huachiwa nta. Ndivyo walivyozoea.

Mwaka huo Nyegere akampenda Tunu, binti wa Mzee Songoro, nyegere wa bondeni. Akamtuma Mlembe awe mshenga. Mlembe akaenda, akarudi.

"Mzee anataka vibuyu vitatu vya asali. Anakuja Ijumaa na binti yake. Akikuta vibuyu vitupu, wanarudi kwao na posa imekwisha."

Jumatano akapita Kunguru mchuuzi, na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na droni yenye panga nne za kuzunguka, kamera moja, na rimoti yenye kioo.

"Hii huona mzinga kutoka juu," alisema Kunguru. "Haichoki. Na haidai nta."

Hilo la nta ndilo lililomwingia Nyegere. Akatoa kibuyu chake cha mwisho cha asali, akachukua boksi.

Mlembe akakuta karatasi ya maelekezo. Akaiwahi kabla Nyegere hajaifungia karanga.

"Ndugu, wanasema jaza betri kwanza."

"Taa yake si inawaka?"

"Wanasema ijaribu uwanjani, pasipo watu."

"Mimi mtoto, wa kujaribujaribu?"

"Wanasema usirushe karibu na watu. Panga zinakata."

Nyegere akajipiga kifua, pu! pu! "Zikate nini? Ngozi yangu nene!"

"Wanasema pia, betri ikikaribia kwisha, inarudi yenyewe palepale ilipoondokea."

"Basi ina adabu kukushinda wewe!"

Ijumaa ikafika. Jirani yake, Bi Kanga, alikuja kusaidia kupika, na vifaranga wake tisa. Mkeka ukatandikwa. Sinia la wali likawekwa. Mzee Songoro akaketi na kofia yake, Tunu kando yake.

"Kijana, vibuyu viko wapi?"

"Baba, leo utaona mambo. Siku hizi hatufuati ndege kwa miguu."

Nyegere akatafuta mahali pa kurushia. Huku nyasi ndefu, kule mawe. Mahali pakavu, palipo sawa, palikuwa mkekani tu. Akaiweka droni katikati ya mkeka, kati ya sinia na magoti ya mkwe.

"Si hapo!" akaita Mlembe.

"Hapa ndipo pasafi!"

"Pana watu!"

"Ndiyo, waone vizuri!"

Vuuuuu! Wali ukaruka. Kofia ya mzee ikaruka. Mzee akainuka, akaifuata kofia yake majanini, akarudi, akaketi.

Droni ikapanda. Ikaenda mpaka kwenye mti wa mgunga, na mzinga ukaonekana kwenye kioo.

"Ule! Mmeuona? Ngojeni niwasogezee."

"Umesogea mno," alisema Mlembe.

"Ngozi yangu nene!"

"Unarusha ngozi yako?"

Kwaru! Droni ikaugusa mzinga. Zzzzzz! Nyuki wakatoka wote, wakubwa kwa wadogo. Papo hapo rimoti ikalia, pi! pi! pi!

"Inasemaje?" akauliza Tunu.

"Inashangilia," akajibu Nyegere.

Haikuwa inashangilia. Betri ilikuwa inakwisha. Droni ikageuka, ikaanza kurudi ilipoondokea, na nyuki nyuma yake. Nyegere akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile. Droni haikumsikiliza.

"Mkekani tokeni! Tokeni!" akapiga kelele Mlembe.

Wakatoka mbio. Vifaranga tisa hawakutoka. Walikuwa wanadonoa wali uliomwagika.

"Wanangu!" akalia Bi Kanga.

Nyegere alikuwa na rimoti mkononi na miguu haikunyanyuka. Mzee Songoro ndiye aliyejitupa, pu! Akawafunika vifaranga kwa tumbo. Droni ikamshukia mgongoni, kacha-kacha-kacha! Ikamnyoa mstari kutoka shingoni mpaka mkiani, ikapinduka, ikaangukia sinia. Paa! Nyuki wakawadunga nyegere wote watatu, wakachoka, wakaenda zao.

Mzee akainuka polepole. Bi Kanga akahesabu wanawe. Tisa. Wote wazima.

"Baba, nisamehe," alisema Nyegere. "Lakini bahati nzuri ngozi yako..."

"Ngozi yangu nene," alisema Mzee Songoro. "Yako nene. Ya huyu je?"

Akaokota kifaranga, akakiweka kiganjani mwa Nyegere. Moyo wa kifaranga ulikuwa unapiga, tu-tu-tu-tu. Nyegere akausikia mpaka kwenye kiwiko.

"Posa imesimama," alisema mzee.

"Imesimama au imekufa?" akauliza mshenga.

Tunu ndiye aliyejibu, huku akimpangusa baba yake wali masikioni. "Mimi nitakuja Ijumaa ijayo. Siji kuolewa. Nakuja kumtazama akirusha."

Jioni ile Nyegere akamwendea Mlembe. "Ndugu yangu, nisomee tena ile karatasi."

Mlembe akasoma. Nyegere akabadilisha panga mbili zilizovunjika, akaweka za akiba zilizokuwa boksini. Kila asubuhi akafuata che-che-che kwa miguu, akarina asali, akamwachia Mlembe nta. Mchana akafanya mazoezi ng'ambo ya kijito, uwanjani, peke yake. Droni ikaanguka mara nne. Iliangukia nyasi tu.

Ijumaa Tunu akaja. Vibuyu vitatu vimejaa. Betri imejaa. Upepo umetulia. Nyegere akashika rimoti, lakini hakurusha.

"Bi Kanga! Vifaranga wako wapi?"

"Ndani, wote!"

"Nihesabie."

"Nimesema wote, we mwanamume!"

"Nihesabie, dada."

Bi Kanga akahesabu, moja mpaka tisa. Ndipo Nyegere akarusha. Droni ikapanda, ikazunguka uwanja, ikashuka. Tunu hakuitazama droni. Alikuwa anamtazama Nyegere.

"Mshenga," alisema, "nenda kwa baba. Mwambie posa iendelee."

Basi wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: anayerusha husimama pembeni salama, na anayeumia ni aliye chini ya chombo. Soma maelekezo, jaza betri, jifunze pasipo watu, na usirushe kabla hujajua nani yuko chini.

Hadithi yangu inakomea hapa, maana nijualo ndilo hili: Jumamosi Mlembe alipeleka ujumbe na vibuyu vitatu bondeni. Jumapili, kabla ya adhuhuri, alirudi na jibu. Mzee Songoro amekubali.