Kwa Nini Barabara ya Jumba la Ahlenbrunn Imepinda

Enzi hizo nyumba za mji wa Ahlenbrunn, kule Ujerumani, zilikuwa chache kuliko madirisha ya jumba la mtawala wake. Barabara haikuwapo. Palikuwa na njia ya matope, na kando yake uwanja wa majani wa madobi.

Mkubwa wao alikuwa Walburga, mjane wa maneno machache. Yeye na wenzake kumi na mmoja walifua mashuka ya jumbani, wakayatandaza majanini na kuyanyunyizia maji kutwa, hadi jua liyang'arishe. Mtawala aliyapenda mashuka yake kupita kiasi, akatoa amri: atakayeyakanyaga atafungwa.

Mwaka binti yake alipoposwa, mtawala alitaka mambo mawili kabla ya arusi: mashuka mapya mia moja, meupe pe, na barabara pana ya kufika jumbani, iliyonyooka, yenye miti pande zote mbili. Ruprecht, msimamizi wa bustani, akapigilia vigingi vya kuonyesha barabara itakapopita. Vikapita katikati ya uwanja.

Walburga aliviona. Uwanja mwingine wenye jua na kijito haukuwapo. Madobi kumi na wawili wangekula nini? Akaenda kumsihi Ruprecht.

"Mimi natumwa tu, mama," Ruprecht akamjibu.

Asubuhi iliyofuata wachimbaji walikuta mashuka yote mia yametandazwa, ukingo hadi ukingo.

"Yaondoe, mama," Ruprecht akasema.

"Hayajawa meupe," alisema Walburga. "Piteni, kama mnataka. Amri mnaijua."

Ruprecht alijikuna kichwa siku saba, na kila siku mashuka yalikuwa palepale. Ya nane akang'oa vigingi, akavizungusha nje ya uwanja.

Siku ya arusi gari la farasi la mtawala lilifika kwenye kona hiyo likayumba.

"Nani kaipinda barabara yangu?"

Ruprecht alimtazama mkubwa wa madobi, aliyesimama kando ya uwanja. Walburga akainama.

"Ni wewe, bwana mkubwa. Ulisema mashuka yasikanyagwe."

Mtawala aliutazama uwanja, akamwashiria mwendesha gari. Gari likaendelea.

Na tangu siku hiyo barabara ya Ahlenbrunn imepinda. Watawala wamekwisha, jumba ni makumbusho, na nguo zinafuliwa kwa mashine. Lakini siku ya kwanza ya jua baada ya baridi, kila nyumba hutandaza shuka moja pale uwanjani, na meya mwenyewe, hata akiwa amechelewa kazini, huyazunguka mashuka hayo.