Kwa Nini Mche Huhama na Udongo Wake

Tulieni kwanza. Makoleo wekeni chini. Mvua haijakata na miche haikimbii. Mkipanda bila kujua mtaniulia miche yangu, halafu mtasema ardhi mbaya.

Zamani mti haukuwa na kwao. Uliweza kuung'oa saa sita mchana, jua limewaka, mizizi iko uchi kama vidole, ukautupa begani, ukavuka nao milima miwili na kuuchomeka popote penye shimo. Jioni uliukuta umesimama, majani yanang'aa, utadhani umeota palepale. Mti haukujua nyumbani wala ugenini. Watu wa milimani walikuta jambo hilo linawafaa, wakalifanya desturi.

Siku binti alipozaliwa alipandiwa mti. Alipoolewa aliung'oa akaenda nao, na uliposimama mti wake ndipo palipokuwa kwake. Aliyechoshwa na mume hakuita kikao. Aling'oa mti wake akarudi kwa mama yake, yakaisha. Msicheke, wanaume wa siku zile walikuwa na adabu kwa sababu hiyo. Jambo moja tu lilizuia: mwanamke akijifungua, kitovu cha mtoto kilipodondoka kilifukiwa chini ya mti wa mama yake, na hapo mti haukuguswa mpaka kioze. Na habari za mtoto, tangu akiwa tumboni, hazikutoka nje ya ua kabla kitovu hakijafukiwa.

Basi alikuwepo mjane mmoja, Nakiete, na bintiye mmoja, Nanzia. Hakuwa na mwingine. Nanzia aliolewa na Mbazi, mtu wa mlima wa pili, akang'oa mti wake, mtomoko, nyuma ya jiko la mama yake akaondoka nao. Shimo likabaki. Nakiete hakulifukia. Alisema halimsumbui, lakini kila asubuhi alilizunguka akienda kuchota maji.

Mwaka wa kwanza Nanzia alikuja mara nyingi. Wa pili akaja mara moja, kisha kimya miezi mitano. Nakiete angeweza kwenda kuuliza. Hakwenda. Alikuwa mtu wa kungoja aombwe, na ukingoja hivyo kichwa hakikai kitupu. Mwuza chumvi akapita, akasema kule kwa Mbazi hamwoni binti kisimani tena, na mlango wao haufunguki. Nakiete akajijibu mwenyewe: wamemfungia ndani, wanamtesa. Wala hakumuuliza mwuza chumvi swali la pili.

Kesho yake alitoka na jembe, akashika njia ya bondeni. Asubuhi hiyohiyo Mbazi alikuwa ametoka kwake na kibuyu cha maziwa, akashika njia ya juu, aende kumwambia mkwewe kwamba amepata mjukuu wa kiume na kitovu kimeshafukiwa. Wakapishana. Mbazi alikuta mlango umefungwa, akaacha kibuyu kizingitini.

Nakiete alifika jua la utosi. Watu walikuwa mashambani, na Nanzia na mtoto wake walikuwa ndani wamelala. Hatua kumi tu zilimtenga na mlango ule. Hakupiga hodi. Aliona shina la mtomoko limechimbuliwa, udongo bado mbichi, akaamini wanataka kuukata ili bintiye akose pa kurudi. Akaung'oa. Kisha akaukung'uta mizizi taratibu, kwa heshima zote, maana udongo ni wa wenyewe na yeye hakuwa mwizi. Hata punje hakubeba. Akautia begani, jua likiupiga njia nzima, akauchomeka katika shimo lake la zamani. Sasa atakuja, alisema. Mti uko hapa, hana budi.

Akakiona kibuyu mlangoni, akakiingiza ndani bila kujua ni cha nini.

Jioni mti haukusimama. Majani yalilala kama vitambaa vilivyoloa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona mti ukifanya hivyo, na Nakiete aliumwagia maji hadi mtungi ukaisha.

Nanzia alifika asubuhi, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Mwanamke wa siku tisa tangu kujifungua, amepanda mlima. Nakiete alimtazama yule mtoto, akakaa chini palepale kwenye majivu.

"Mti wako uko hapa," alisema, kwa sababu hakupata jingine la kusema. "Kaa, mwanangu."

"Na huyu mtoto kwao ni wapi, mama?" Nanzia akauliza. "Maana kitovu chake umekikung'uta ukakiacha juani. Ungepiga hodi ningekufungulia."

Kusema amekosa lilikuwa neno moja tu, na siku saba zilipita Nakiete hakulitamka.

Ndani ya kikapu mlikuwa na udongo ule uliokung'utwa, Nanzia ameuzoa kwa viganja, na kitovu kimo. Akauzungushia mti shinani. Siku saba mti ulilala. Siku ya nane ukatoa jani moja. Jua lilipopungua nguvu, mawingu yamefunika, Nanzia aliuchimba mbali na shina, bonge zima la udongo likishikana na mizizi, akalifunga kwa majani ya mgomba. Nakiete akashika upande wa pili wa lile bonge ili wabebe wote.

"Acha tu, mama. Nitauweza," Nanzia akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira.

Mti ulishika kule mlima wa pili, na haukuhama tena. Nanzia aliendelea kuja kwa mama yake, hakumsusa. Ila alikuwa akifika anasimama nje ya mlango wa nyumba alikozaliwa na kupiga hodi. Nakiete naye anaitika, "Karibu," kama anavyoitikiwa mgeni.

Miti nayo ina umbea kama sisi. Mmoja ulichojua, mingine ikakijua. Na tangu siku hiyo hakuna mti unaokubali kuhamishwa kama kijiti. Ukiuhamisha hulala siku saba kabla ya kuamua kuishi, na wengine huamua kufa. Ndiyo maana tunangoja mvua, tunangoja jua lipungue, tunachimba mbali na shina na kuuchukua na udongo wake wa kwao, hata kama mzigo unavunja mgongo. Na shimo unapotoka mti hatulifukii. Tunaliachia mvua, ilijaze kwa muda wake.

Nyuma ya jiko langu yapo mashimo matatu ya hivyo. Kuku hulala humo mchana.

Haya, chukueni makoleo. Na wewe hapo, usiukung'ute.