Vikuku vya Magadi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, watoto sogeeni mbele. Na ninyi wakubwa msijifanye mnachambua mchele, najua masikio yenu yako huku.

Hapo zamani za kale, mbingu zilipokuwa bado zikishuka asubuhi kunywa maji, palikuwa na ziwa la magadi. Maji yake yalikuwa meupe kama uji wa mgonjwa. Ukungu ulilala juu yake, ukajinyoosha, ukalala tena. Hukuweza kujua ziwa linaishia wapi na anga linaanzia wapi. Humo waliishi heroe, ndege wa miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi. Walikuwa wengi. Wakisimama pamoja, ungedhani jua lilichwea ziwani likasahau kuondoka.

Mmoja wao aliitwa Mama Sikudhani. Alikuwa mama mchanga, mwenye mtoto mmoja tu. Mtoto huyo, Sikudhani, alikuwa bado na manyoya ya kijivu, miguu mifupi, na mdomo mdogo ulionyooka kama mwiba. Maana mdomo wa heroe haupindi mpaka akue.

Heroe walikuwa na utaratibu wao. Mchana watoto hawakukaa na mama zao. Walikusanywa kundi moja, wakatembezwa ufukoni na mlezi wao, shangazi Tamasha. Walitembea, wakatembea. Chap, chap, chap. Na walipotembea walihesabu. Mguu huu moja, mguu huu mbili, mguu huu tatu. Wakifika mia, wanaanza upya. Alasiri walifika kwenye chemchemi ya maji matamu, maji yasiyo na magadi hata chembe. Chubwi, wote ndani. Kisha kila mtoto alimdonoa mwenzake miguu. Wewe unanidonoa mimi, mimi namdonoa yule, yule anamdonoa yule. Tok, tok, tok. Wazazi waliwatazama kwa mbali wakasema, watoto na michezo yao.

Darasa la wakubwa lilikuwa kwingine. Lilikuwa katikati ya ziwa, mahali ambapo maji yalitulia kama kioo. Mawingu yote ya juu yalionekana chini. Huko ndiko wakubwa walikojifunza hesabu za upepo, za masafa, na za safari ndefu. Mwalimu wao alikuwa heroe mzee, mwenye miguu mirefu kuliko wote ziwani. Watoto walimwita Mwalimu Mirunda, kwa kuwa miguu yake ilikuwa kama miti mirefu ya kujengea, lakini si mbele yake. Sharti lake lilikuwa moja tu. Ukiingia darasani, simama kimya, usitikise maji. Ukitikisa, wingu linavunjika, na hesabu imepotea.

Siku moja kundi la watoto lilikuwa likipita ufukoni, na sauti ya mwalimu ikaja ikielea juu ya maji.

"Kila ukiruka vilima vitatu, upepo unakurudisha kimoja nyuma. Ziwa jipya liko vilima kumi na viwili mbele. Mpaka ufike, mabawa yako yatakuwa yameruka vilima vingapi?"

Wakubwa wakafumba macho, wakahesabu. Wakajibu kwa pamoja kwamba ni kumi na nane.

"Kumi na saba," ikasema sauti ndogo kutoka ufukoni.

Wakubwa wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuza shingo polepole. "Kwa nini kumi na saba, mtoto?"

"Mara tano nimeshafika kumi," akasema Sikudhani. "Nikiruka viwili tu nimetua. Nikishatua, upepo utamrudisha nani?"

Hesabuni wenyewe mkifika nyumbani, msiniulize mimi. Mwalimu Mirunda alihesabu palepale. Kisha akafumba macho kama aliyeonja asali. Miaka yote alikuwa amefundisha kumi na nane.

Alasiri ileile alimfuata Mama Sikudhani. Akamwambia kwamba mtoto huyu hapaswi kupoteza siku zake kuhesabu hatua, na kwamba kesho aletwe katikati ya ziwa. Mama Sikudhani alikubali palepale. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza mpaka mia, akaolewa, basi. Usiku huo aliota mwanawe akitembea juu ya mawingu, na kila wingu aliloligusa lilikuwa namba.

Asubuhi shangazi Tamasha alimwendea taratibu. Alimwambia kwamba akili ya mtoto hana wasiwasi nayo, ila miguu yake bado ni mifupi. Mama Sikudhani alimshukuru kwa mdomo. Moyoni akasema, huo ni wivu, anaona anaondokewa na mwanafunzi wake bora.

Basi Sikudhani akaingia darasa la wakubwa. Na msidhani alilia. Alifurahi. Alisimama kimya tangu asubuhi hadi jioni, akiutazama upepo ukipita ndani ya maji, na hesabu zilimjia kama ndoto zinavyomjia aliyelala vizuri. Alipotoka, jua limeshazama, na wenzake walikuwa wameshaoga na kusinzia.

Ikapita wiki. Kwenye miguu ya Sikudhani ukatokea uzi mweupe, mwembamba, unaong'aa. Ikapita wiki nyingine. Uzi ukawa pete. Pete ikawa kikuku. Mguu huu kikuku, mguu huu kikuku.

"Mwenzetu, mwanao kavishwa vikuku?" wakauliza majirani.

"Ni vikuku vya wasomi," akasema Mama Sikudhani, na akaamini hivyo. Kila jirani alipopita, alimwita mwanawe atoke, ainue mguu, auzungushe juani. Sikudhani aliinua. Vikuku vikametameta. Majirani wakaenda zao kimya, na kila mmoja alimtazama mtoto wake wa kijivu asiye na kikuku.

Ndipo kiangazi kikaja. Maji yakaanza kurudi nyuma, chini pakawa pakavu, peupe, pamepasuka. Wazee wakakaa, wakaamua. Watoto bado hawajaota mabawa ya kuruka, kwa hiyo baada ya siku saba watatembezwa kwa miguu, wavuke uwanda wa magadi, wafike upande wa pili kwenye maji. Ni mwendo wa siku mbili. Atakayebaki nyuma, jua litamkuta na mbweha watamkuta. Mama Sikudhani alisikia habari hiyo, hakutikisika. Mtoto anayeujua upepo, angeshindwa na kutembea?

Siku ya tatu alikuja Mbwiga. Mbwiga alikuwa rika la Sikudhani, matope mpaka shingoni, na katika hesabu hakuwahi kuvuka kumi na nne bila kupotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mbwiga. Leo umehesabu mpaka ngapi?"

"Kumi na nne. Halafu nikapiga miayo, zikanitoka." Akasimama. Akakwaruza chini kwa mguu. "Mama, Sikudhani anatembea kama amefungiwa mawe. Asubuhi tukitoka tunakolala, anabaki nyuma. Anasema nitangulie. Mimi natembea polepole, asiwe wa mwisho peke yake. Lakini jana nilitembea polepole mpaka nikasimama kabisa, na bado alikuwa nyuma yangu."

Mama Sikudhani alikuwa tayari anakimbia. Chapwa, chapwa, chapwa, akaingia katikati ya ziwa, mawingu yakavunjika chini ya miguu yake, moja, mawili, yote. Darasa zima likamgeukia. Hakusema samahani. Aliinamisha shingo akatazama miguu ya mwanawe kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Vile havikuwa vikuku. Yalikuwa ni magadi, magumu kama jiwe, manene kama gunzi la mahindi.

"Vinauma?" akauliza.

"Haviumi. Vinalemea tu."

"Tangu lini?"

"Nimehesabu, mama. Kila siku tatu vinakuwa vizito mara mbili. Keshokutwa sitaweza kuinua mguu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Sikudhani aliangalia maji yaliyokuwa yakitulia. "Ulikuwa unawaonyesha majirani." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na ningesema, ningerudishwa kuhesabu hatua. Mimi hesabu ya upepo naipenda, mama. Ni haya maji tu."

Mama Sikudhani aling'ata kikuku. Mdomo wake uliopinda ukateleza. Akang'ata tena, ukateleza tena. Mwalimu Mirunda akajaribu, wa kwake ukateleza. Wakubwa wote wakajaribu, mmoja baada ya mwingine, na midomo yao mizuri iliyopinda ikateleza yote. Mwalimu akajitazama mwenyewe. Maji ya magadi yalimfika kwenye kifundo tu, na mguu wake mkavu ulikuwa umepanda juu, juu, juu.

"Miaka yote nimesimama hapa," akasema. "Sikuwahi kuuliza maji yanamfika nani wapi."

Walimweka Sikudhani katikati ya mabawa yao, wakamsukuma polepole mpaka kwenye chemchemi. Watoto walikuwa wanaoga. Shangazi Tamasha aliwaona wanakuja, akaona miguu ile. Angeweza kusema, si niliwaambia. Hakusema. Alisogea tu pembeni, akampa Sikudhani mahali pake mwenyewe, pale maji matamu yanapochipuka yakiwa ya uvuguvugu. Mama Sikudhani aliliona hilo, na aibu ikamwingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye mchanga.

Kisha watoto wakaja. Hakuna aliyewaita. Midomo yao midogo, iliyonyooka kama miiba, ikaingia kwenye nyufa ambazo mdomo wa mkubwa hauingii. Tok. Tok, tok. Tok, tok, tok. Waliochoka walitoka, waliopumzika waliingia. Siku hiyo ikaisha, na siku ya pili ikaja, wakaendelea. Sikudhani alisimama katikati yao macho yamefumba nusu, kama anayesikiliza mvua juu ya bati.

Mbwiga ndiye aliyehesabu madonoo.

"Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba."

"Umeruka," akasema Sikudhani.

"Nimeruka, ndiyo. Na nimetua. Upepo utamrudisha nani?"

Sikudhani akacheka. Alicheka mpaka akayumba, na alipoyumba, paa, kikuku cha kwanza kikapasuka. Kikazama. Hakuna aliyekifuata. Kabla jua halijachwa, cha pili nacho kikaenda.

Mwalimu Mirunda alikuwa amesimama kando, shingo imeinama. Alipomwona Mama Sikudhani peke yake, alimwendea, akaomba radhi, akasema hatamchukua mtoto tena. Arudi kwa shangazi yake ahesabu mia, akikua ataonekana.

Lingekuwa jambo rahisi kwa Mama Sikudhani kukubali. Alikuwa na hofu, na hofu hupenda majibu ya namna hiyo. Lakini alikumbuka sauti ya mwanawe pale katikati ya ziwa. Ni haya maji tu.

"Hapana, mwalimu. Mtoto hakukosea kuwa na njaa. Sisi tulikosea mahali pa kumlishia."

"Sasa atasomea wapi? Kina changu ni kile, na kwingine maji hayatulii."

"Wewe una miguu mirefu," akasema Mama Sikudhani. "Wewe ndiye unayeweza kutembea."

Mwalimu akamtazama mama huyu wa mpaka mia. Kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

Siku ya saba ikafika. Kabla jua halijapata ukali, watoto wakatoka. Maelfu ya migongo ya kijivu ikaingia kwenye uwanda mweupe, na vumbi la magadi likapanda likawazunguka kama ukungu uliosahau kuwa ni mchana. Chap, chap, chap. Mbele alikwenda shangazi Tamasha akihesabisha hatua. Katikati, vumbi mpaka magotini, alikwenda Mwalimu Mirunda. Hakukuwa na kioo cha maji, basi alisoma mawingu juu angani kama alivyoweza, na mara nyingine alikosea. Alimtupia Sikudhani hesabu ngumu, ngumu kuliko zile za ziwani, na Sikudhani alizijibu huku miguu inakwenda. Wengine walisikia. Wengi hawakuelewa kitu. Wachache walielewa kidogo, na hakuna aliyekuwa amewatarajia hao. Mbwiga aliuliza upepo unalala wapi, na mwalimu akakiri kwamba hilo hajui.

Wazazi waliruka juu yao, chini chini, wakiwatazama. Jirani mmoja akamsogelea Mama Sikudhani hewani.

"Mama Sikudhani, mwanao siku hizi yuko darasa gani? La wakubwa, au karudi la watoto?"

Mama Sikudhani akatazama chini. Alitafuta katika maelfu yale ya kijivu, na kwa muda hakumwona, maana hapakuwa na kitu cha kung'aa cha kumtambulisha. Kisha akamwona.

"Yule pale," akasema. "Anatembea."

Na walivuka wote.

Basi wanangu, na ninyi wenye mchele. Mtoto akiwa na akili iliyotangulia, msimfiche, msimcheleweshe. Mpeni hesabu ya mbele. Lakini msimsimamishe kwenye maji ya wenye miguu mirefu, akawaacha wenzake wanaomwosha. Mwenye miguu mirefu ndiye amfuate mtoto. Na kila mnapoona kitu kinang'aa kwa mtoto wenu, kabla ya kuwaita majirani, muulizeni kama kinamlemea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikizidi chumvi, mpishi ni mimi, mniachie sufuria nioshe.