Sufuria ya Zamda na Kiganja cha Jini

Alitawala katika mji wa Kunduzi sultani aitwaye Maharazi bin Tawfiki, na mwanawe wa pekee, Ghalibu, alinyakuliwa na jini Barkuta, akafumbatwa kiganjani amekuwa mdogo kama kokwa ya ukwaju. Jini akasimama uani mwa kasri, kichwa mawinguni, akanena, "Ewe Sultani, nipe mtu atakayeimaliza kazi yake asiinue macho, nami nikimwonyesha ajabu zangu. Akishinda, chukua mwanao. Atakayetazama atakuwa jiwe, na jua likichwa, mwanao ni wangu milele."

Kadhi akajaribu, akawa jiwe na kalamu mkononi. Amiri wa jeshi naye akawa jiwe, na Sultani akalia mbele ya watu.

Jua likishuka akaja Zamda, yatima mpika halwa, na sufuria yake ya shaba. Na desturi ya Kunduzi ni kwamba mkoroga halwa haamkiwi, kwa kuwa halwa ikiachwa mkono huungua chini, na iliyoungua haina dawa.

"Maulana," akasema, "mimi si shujaa. Nina halwa tu, nayo haimsubiri mtu."

Akabandika wanga na sukari na samli, akakoroga. Jini akarusha tausi wa moto angani, na Zamda akakoroga. Akamwaga bahari ya lulu, mawimbi yakamlowesha miguu, na Zamda akakoroga. Ndipo jini akaiga sauti ya marehemu mamake Zamda: "Salamu alaikumu, mwanangu. Hata hunitazami?"

Hapo moyo ulimpasuka, maskini, na machozi yakamchuruzika. "Waalaikumu salamu, mama," akajibu. "Halwa i motoni." Na macho hayakutoka sufuriani.

Jini akastaajabu. "Mna nini humo kinachozishinda ajabu zangu?" Akainama, akaona weupe ukigeuka dhahabu, na samli ikijitenga ikimeremeta, na mapovu yakifumba na kufumbua, na harufu ya zafarani ikampanda, akazama katika kutazama, maana tangu kuumbwa kwake hajapata kutuliza macho juu ya kitu kimoja. Vidole vikalegea pasi na habari yake. Ghalibu akaporomoka akawa mtu mzima, na waliokuwa mawe wakapiga chafya.

"Imeiva," akasema Zamda, akaepua.

Barkuta akakitazama kiganja kitupu, akaona haya, akaapa kumchochelea Zamda moto maisha yake yote. Zamda akaolewa na Ghalibu, wakaishi katika neema. Na wahenga wamesema, mshika mawili moja humponyoka. Jini siku ile alimshika mwana kwa mkono, na sufuria kwa macho.